Kliniki ya Kuigiza: Mwanafunzi wa Udaktari Kabla ya Kukutana na Mtoto Wako

Ukimpeleka mtoto kliniki, iwe Kangemi, Riruta au katikati ya jiji, huenda ukamkuta mwanafunzi wa udaktari mezani, msimamizi wake akiwa karibu. Ni sawa kabisa kujiuliza alifanyia mazoezi kwa nani kabla ya kukutana nawe.

Njia mojawapo ni kliniki ya kuigiza. Mtoto ni mwanasesere, mama ni mwigizaji aliyefunzwa, na kijitabu cha mama na mtoto kimejazwa mapema. Daktari Howard Barrows alianza kutumia wagonjwa wa kuigiza huko Los Angeles mwaka wa 1963. Hapa Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulitumia watu 14 waliofanya ziara 166 katika vituo 42. Katika baadhi ya ziara walijifanya wazazi wa mtoto aliyeachwa nyumbani akiharisha. Lengo lilikuwa kupima huduma, si kufunza, ila ulionyesha kwamba wakaazi wa kawaida wanaweza kuifanya kazi hii.

Kupima uzito hakusumbui sana. Kinachosumbua ni mazungumzo. Tuseme mtoto ana miezi 9, amekuja kwa chanjo ya surua na rubela. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zote zimeandikwa. Lakini mstari wa uzito kwenye chati haujapanda tangu mwezi wa 7. Mwigizaji ameagizwa asitoe siri asipoulizwa: amerudi kazini, mtoto anashinda kwa jirani, na mchana kutwa anapewa uji mwepesi tu. Mwanafunzi anayeinamia karatasi atachanja na kumwacha mama aende zake. Anayeuliza kwa upole, "Mama, jana mtoto alikula nini?" atagundua tatizo. Anayegomba atalikosa vilevile, maana mama atanyamaza.

Baadaye mwigizaji humweleza mwanafunzi jinsi alivyojisikia, kisha zoezi hurudiwa.

Kwa hivyo ukiulizwa maswali mengi, usidhani unapotezewa muda. Beba kijitabu kila mara. Vitamini A hutolewa kuanzia miezi 6, kisha kila baada ya miezi 6, na chanjo ya pili ya surua na rubela ni miezi 18, ziara ambayo wazazi wengi huisahau. Na kama hujaonyeshwa mstari wa uzito wa mtoto, omba uonyeshwe.