Selimundu: kabla ya kumlaumu mama, pimeni wote wawili

Mtoto anavimba vidole vya mikono na miguu. Analia kwa maumivu, macho yanakuwa ya manjano, na kila mara anaambiwa amepungukiwa damu. Nyumbani minong'ono inaanza: karogwa, au ni ugonjwa wa ukoo wa mama. Hapa Gairo, ambako Wakaguru kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, lawama hiyo ni rahisi kumwangukia yeye. Lakini selimundu, ambayo wengine huiita sikoseli, haitoki kwa mzazi mmoja.

Tufafanue kwa maharage. Baba ashike maharage mawili, moja jeupe na moja jekundu. Mama naye vilevile. Jeupe ni kinasaba kizima, jekundu ni cha selimundu. Kila mmoja afumbe macho, atoe moja.

Yakitoka meupe mawili, mtoto ni AA, hana kinasaba hicho. Likitoka jeupe na jekundu, ni AS: amebeba kinasaba lakini si mgonjwa. Yakitoka mekundu mawili, ni SS: ana selimundu.

Kwa wazazi wawili wa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Na kila mimba maharage yanarudishwa, mnachagua upya. Kumpata mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata wako salama.

Nchini Tanzania hukadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, wengi wao kwa wazazi wanaojiona wazima kabisa. Ndiyo maana tunashauri wachumba na wanandoa wapime damu pamoja. Ulizeni hospitali ya wilaya kama kipimo kipo, au mtaelekezwa wapi. Ombeni matokeo yaandikwe wazi: AA, AS au SS. Mtaalamu atawaeleza maana yake kwa faragha. Hatawakataza kuoana; uamuzi ni wenu.

Mtoto akiwa tayari mgonjwa, asikatiwe tamaa. Kuna penisilini ya kukinga maambukizi utotoni, chanjo, chandarua dhidi ya malaria, na dawa ya haidroksiurea inayopunguza maumivu. Homa ikipanda, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na mgonjwa anayeishiwa pumzi kwa mwendo mdogo amwone daktari, kwani selimundu inaweza kupandisha shinikizo katika mishipa ya damu ya mapafu na kuuchosha moyo.

Kwa wagonjwa wachache wanaofaa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto mwaka 2023. Lakini kwa familia nyingi, hatua ya kwanza iko karibu zaidi: baba na mama kwenda kupima pamoja, bila kunyoosheana vidole.