Utangulizi: Jinsi ya Kuisoma Ngome ya Kirumi

Ikiwa hujawahi kusoma akiolojia, yaani elimu ya kuwafahamu watu wa kale kupitia vitu walivyoviacha ardhini, utangulizi huu ni wako. Tutajifunzia mahali pamoja: Caerleon, mji mdogo ulio kando ya Mto Usk, kusini mwa Wales, nchini Uingereza. Mnamo mwaka 75 B.K. hivi, Warumi waliokuwa wakipigana na kabila la Wasilure walijenga ngome hapo, wakaiita Isca.

Ukifika, huenda ukajiuliza: ngome yenyewe iko wapi? Utaona kanisa, maduka na nyumba za watu, na hapa na pale misingi ya mawe isiyofika hata magotini. Usivunjike moyo. Kwa karne nyingi wenyeji walichukua mawe ya Warumi wakajengea, na mji ukakua juu ya yaliyobaki. Kitakachokuonyesha ngome nzima ni mpango wake. Warumi walizijenga ngome zao kwa mpango unaofanana kila walikokwenda, hivyo anayeuelewa huweza kuitambua sehemu kubwa iliyofichika kwa kuitazama ile ndogo inayoonekana.

Tuanze na watu, kwa kuwa mpango uliwafuata wao. Isca ilikuwa makao ya lejioni iitwayo Pili Augusta. Lejioni ni jeshi la askari wapatao 5,000, karibu wote wa miguu, na wote raia wa Roma. Iligawanywa katika vikosi 10, na kila kikosi katika senturia. Senturia ni kundi la askari 80 chini ya akida, cheo ambacho wasomaji wa Injili wanakifahamu. Ndani ya senturia, askari walipangwa wanane wanane, wakilala pamoja na kula pamoja. Zishike namba hizi mbili, 80 na 8, tutazihitaji.

Sasa tuitazame ardhi. Ngome ilikuwa mstatili wa mita 490 kwa 418 hivi, pembe zake zimeviringwa, imezungukwa na boma na handaki, ikiwa na lango kila upande. Barabara kuu zilikutana katikati, na hapo palisimama principia, yaani makao makuu yenye ofisi na chumba cha kuhifadhia bendera za jeshi. Leo juu yake lipo Kanisa la Mtakatifu Cadoc. Ukisimama mlangoni pa kanisa hilo, umesimama kwenye kitovu cha ngome.

Kutoka hapo nenda kwenye kona ya magharibi, mahali paitwapo Prysg Field, ukaone misingi ya mabweni ya askari. Bweni moja refu lilichukua senturia moja: vyumba viwili viwili kwa kila watu wanane, cha mbele cha silaha na cha nyuma cha kulala, na mwishoni makazi ya akida. Hesabu jozi za vyumba. Kwa askari 80 ungetarajia 10, lakini utakuta 12. Hujakosea kuhesabu. Wataalamu wengi huona kwamba jozi mbili za ziada zilikuwa stoo au malazi ya wasaidizi wa akida. Hivyo ndivyo akiolojia inavyokwenda: mpango hutupa matarajio, na pale ardhi inapoyakataa ndipo maswali mazuri yanapozaliwa.

Hatua inayofuata ni bafu. Hapa jifunze haipokosti: sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi ili hewa ya moto kutoka tanuri ipite chini yake na kupasha chumba joto. Katika mfereji wa maji machafu wa bafu hilo, wachimbaji waliokota vito 88 vilivyochongwa, vilivyodondoka kutoka kwenye pete za waogaji. Mfereji ulihifadhi yale ambayo hakuna aliyekusudia kuyahifadhi, na kwa sababu hiyo ushahidi wake una uzito mkubwa.

Mwisho ni suala gumu zaidi, la wakati. Ngome haikujengwa mara moja. Ya kwanza ilikuwa ya mbao na udongo. Baadaye ikajengwa upya kwa mawe, na bamba lenye maandishi ya mwaka 100, enzi za Kaisari Trajan, linashuhudia kazi hiyo. Pasipo maandishi tunasoma matabaka ya udongo: lililo chini kwa kawaida hutangulia lililo juu. Nje ya boma upo uwanja wa michezo wa duara-yai, ulioweza kukalisha watu wapatao 6,000. Ulikuwa umefukiwa kwa udongo na majani, wenyeji wakiuita Meza ya Mfalme Arthur, hadi Tessa Wheeler na mumewe Mortimer walipoufukua mwaka 1926 na 1927.

Basi nenda kwanza kwenye jumba la makumbusho la mji, uchukue ramani, kisha utembee polepole ukilinganisha karatasi na ardhi. Ukishaizoea Isca, utaweza kuzisoma ngome nyingine za lejioni kama za Chester na York, pia nchini Uingereza, na hata ya Lambaesis nchini Algeria, ambako lejioni ya Tatu Augusta iliweka makao yake na ambako kuta za jengo la makao makuu zingali zimesimama hadi leo.