Kijana wa Nandi Aliyeanza kwa Kushindwa

Mgeni afikapo Eldoret huonyeshwa kiwanja cha michezo chenye jina la Kipchoge Keino. Vijana wengi hupita hapo wakidhani kwamba mwenye jina hilo alizaliwa mshindi. Sivyo hata kidogo. Habari za miaka yake ya kwanza zaonyesha njia nyingine.

Keino alizaliwa Kipsamo, katika nchi ya Wanandi, mwezi wa Januari, 1940. Wazazi wake walifariki yeye angali mtoto, akalelewa na jamaa. Baada ya masomo aliingia katika polisi, na huko Kiganjo, karibu na Nyeri, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Mbio hazikumpatia riziki.

Jambo hili la fedha yafaa lieleweke. Huko Uingereza mcheza mpira wa kulipwa hakuruhusiwa kupata zaidi ya pauni 20 kwa juma mpaka Januari, 1961, amri hiyo ilipoondolewa. Mara Johnny Haynes wa timu ya Fulham akapewa pauni 100 kwa juma. Lakini mkimbiaji, awe Mwingereza au Mkenya, alikatazwa kulipwa kwa mbio zake. Akipokea ujira, mlango wa Olimpiki ulifungwa mbele yake. Kwa hiyo Keino alikimbia kwa heshima tu, akitegemea mshahara wa polisi.

Mwaka 1962 alipelekwa Perth, Australia, kushindana na vijana wa Jumuiya ya Madola. Katika mbio za maili 3 alikuwa wa 11. Mwaka 1964 alikwenda Tokyo kwenye Olimpiki. Katika meta 5,000 alifika wa tano, nyuma ya mshindi, Bob Schul wa Marekani, kwa muda usiotimia hata sekunde 2. Medali hakupata. Wako ambao wangalirudi nyumbani wakasema, "Yatosha."

Keino hakusema hivyo. Alirudi kwenye mazoezi katika nchi ya juu, ambako hewa ni nyepesi na kifua hujifunza kufanya kazi kwa shida. Matunda yake yalionekana mwaka uliofuata. Tarehe 27 Agosti, 1965, mjini Helsingborg, Sweden, alikimbia meta 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 39.6, akaipunguza rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde 6. Mwezi wa Novemba, huko Auckland, New Zealand, akamaliza meta 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 24.2, akaichukua rekodi ya Ron Clarke wa Australia. Mwaka 1966, mjini Kingston, Jamaika, alishinda maili 1 na maili 3, na katika hizo maili 3 huyo Clarke alikuwa nyuma yake.

Yaliyofuata yajulikana na wengi. Mwaka 1968, mjini Mexico, alikimbia hali ana ugonjwa wa nyongo. Katika meta 10,000 maumivu yalimwangusha karibu na mwisho. Hata hivyo alipata medali ya fedha katika meta 5,000, kisha ya dhahabu katika meta 1,500, akimwacha Jim Ryun wa Marekani mbali. Munich, mwaka 1972, akaongeza dhahabu nyingine katika mbio za kuruka viunzi na maji.

Ndipo mwaka 1973 akaingia katika mbio za kulipwa, nguvu za ujana zikiwa zimekwisha kutumika. Baadaye yeye na mkewe waliwalea watoto yatima wengi karibu na Eldoret, wakajenga na shule. Aliyelelewa na jamaa akawa mlezi wa wengine.

Wazee walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kijana aliyefika wa 11 leo, na akumbuke Perth, kisha arudi mazoezini kesho asubuhi.