Sekunde nne kwa risasi moja: Somo la shabaha kutoka vilima vya Kisii

MAPEMA Septemba 1914, mwezi mmoja tu baada ya Uingereza na Ujerumani kuingia vitani, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania na kuuteka mji mdogo wa Kisii. Maafisa wa utawala wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuuhama. Mnamo Septemba 12, askari wa King's African Rifles (KAR) waliokuwa chini ya Kapteni Thorneycroft waliwashtukiza wavamizi hao kutoka kwenye vilima vinavyoukabili mji. Mapigano yaliendelea hadi jioni. Kapteni huyo aliuawa, Wajerumani nao wakapoteza maafisa kadhaa, na usiku ulipoingia pande zote mbili zikarudi nyuma.

Siku hiyo hukumbukwa Gusii kwa sababu nyingine pia. Wakazi waliingia katika mji uliobaki bila mwenyewe na kuupora, na serikali ya kikoloni iliporejea iliwaadhibu kwa kuwanyang'anya mifugo. Lakini kwa anayetaka kuelewa kwa nini walengaji hufanya mazoezi wakipimwa kwa saa, vita vya Kisii ni mfano ulio karibu na nyumbani.

Kampuni nyingi za Wajerumani katika Afrika Mashariki zilianza vita hivyo zikiwa na bunduki aina ya Mauser ya mwaka 1871. Bunduki hiyo ilibeba risasi moja tu. Kila baada ya kufyatua, askari alilazimika kufungua komeo, kutoa ganda na kutia risasi nyingine kwa mkono. Aidha, baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomficha adui machoni pa mlengaji na, papo hapo, kumwonyesha adui mahali mlengaji alipolala. Askari wa KAR walikuwa na bunduki za kipenyo cha .303 zilizotumia baruti isiyo na moshi. Kwa hiyo tofauti kati ya pande hizo mbili haikuwa ya macho makali pekee, bali pia ya muda uliopita kati ya risasi moja na ile inayofuata.

Waingereza walikuwa wamelifanya jambo hilo kuwa somo rasmi. Baada ya vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, ambako wakulima wa Kikaburu waliwaonyesha thamani ya kulenga vyema, jeshi lao lilibadilisha mafunzo ya bunduki. Miongoni mwa majaribio mapya lilikuwamo lile la kufyatua risasi 15 katika dakika moja, shabaha ikiwa umbali wa yadi 300, yaani takriban mita 275. Hesabu hiyo ni sekunde nne kwa kila risasi, na ndani ya sekunde hizo mna kufungua komeo, kulifunga, kurejesha jicho kwenye shabaha na kufyatua, mbali na muda wa kujaza risasi upya.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu asiyezoea, akiambiwa aharakishe, huharakisha kidole. Kidole kikivuta kwa ghafla, mtutu huyumba na risasi hupotea. Mkufunzi stadi humwonyesha kwamba muda hauliwi na kidole, bali na yale yanayotokea kati ya risasi na risasi: kitako kilichoondoka begani, kichwa kilichoinuliwa kutazama kama shabaha imepigwa, mkono unaopapasa kutafuta risasi nyingine. Mlengaji mwenye kasi ni yule aliyeondoa miondoko isiyo na kazi. Ukimtazama utadhani hana haraka yoyote.

Ndiyo maana mazoezi hayaanzi na saa. Huanza na bunduki tupu, iliyokaguliwa na watu wawili, huku kurutu akirudia mkao, pumzi na uvutaji hata mara mia bila risasi hata moja. Ni kazi ya kuchosha na wengi huidharau, ilhali haigharimu chochote na ndiyo inayoujenga mwili. Baadaye hufyatua risasi halisi bila kuhesabiwa muda, hadi zitue pamoja kwenye karatasi. Hapo tu ndipo mkufunzi huanza kupima, na kipimo cha kwanza huwa ni muda wa mlengaji mwenyewe. Aliyetumia sekunde 60 kwa risasi kumi hupewa 55, si 30. Zikianza kutawanyika, hurudishwa nyuma.

Siku hizi kuna kifaa kidogo ambacho hulia kumwanzisha mlengaji, kisha hunasa mlio wa kila risasi na kuandika wakati wake hadi sehemu ndogo za sekunde. Faida yake ni kuwa hakimwonei mtu haya. Mlengaji aliyedhani uzito wake uko katika risasi ya kwanza huenda akagundua kuwa alipoteza sekunde tatu nzima akibadilisha kasha la risasi. Katika mashindano ya shirikisho la kimataifa la IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976, alama za mshindani hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Anayekimbilia kumaliza huku akikosa hupoteza, na anayelenga kana kwamba ana siku nzima hupoteza vilevile.

Hata hivyo, kasi ina bei yake. Askari mwenye risasi 150 akifyatua 15 kwa dakika hubaki mikono mitupu baada ya dakika kumi.

Wakisii wana kumbukumbu chungu zaidi kuhusu bei hiyo. Mnamo Januari 1908, Otenyo alimchoma kwa mkuki ofisa wa utawala, Geoffrey Northcote, ambaye alinusurika. KAR ilitumwa kuadhibu. Mauaji yaliyofuata dhidi ya watu wenye mikuki na ngao yalimfanya hata Winston Churchill, wakati huo akiwa naibu waziri wa makoloni, kulalamika kwa maandishi. Mafunzo ya askari yalikuwa mazuri. Yaliyokosekana ni maamuzi ya waliowatuma.

Suala hilo la uamuzi ndilo linalopaswa kuingizwa katika mazoezi ya muda hivi leo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 humtaka afisa atumie silaha pale tu ambapo njia nyepesi hazitoshi, kama vile katika kuokoa maisha. Humtaka pia atoe onyo na kuacha muda wa kutosha onyo hilo lizingatiwe, isipokuwa kama kungoja kutahatarisha maisha. Mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, sharti mamlaka ya IPOA iarifiwe. Afisa aliyefunzwa kwa kengele na karatasi pekee amezoea kwamba kila mlio hujibiwa kwa risasi. Kwa sababu hiyo, wakufunzi makini huchanganya shabaha: nyingine ina bunduki mkononi, nyingine ina simu, na anayeipiga ya pili hufeli hata kama alikuwa wa kwanza kumaliza.

Kwa raia wenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mahali pa kujifunzia ni uwanja ulioidhinishwa, chini ya msimamizi ambaye neno lake la kusimamisha hutiiwa na kila aliyepo. Katika Kisii na Nyamira hili si suala la karatasi tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na kwa wastani Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba. Risasi ya bunduki ya G3 hutoka mtutuni ikienda karibu mita 800 kwa sekunde na, isipozuiwa, huweza kuruka zaidi ya kilomita tatu. Katika milima hii iliyojaa migomba, majani chai na boma baada ya boma, kilomita tatu huvuka vijiji kadhaa, soko na pengine shule mbili.