Kabla ya Kununua King'amuzi Kipya

King'amuzi kinapoonesha baadhi ya chaneli vizuri huku nyingine zikiganda au kukosekana kabisa, watumiaji wengi huamini kuwa kimeharibika, wakanunua kingine. Mara nyingi kasoro haimo ndani yake, bali imo katika njia inayoleta mawimbi.

Kila saketi ya kielektroniki hupitisha masafa ya kiwango fulani tu. Kiwango hicho huitwa upana wa masafa. Nchini Tanzania, matangazo ya dijitali yanayopokelewa kwa antena katika bendi ya UHF husafiri katika mkondo wenye upana wa megahezi 8, unaobeba chaneli kadhaa kwa pamoja. Kichujio kilichomo ndani ya king'amuzi hulingana na upana huo. Kikiwa chembamba mno, kingo za mawimbi hukatwa na taarifa huingiliana. Kikiwa kipana mno, kelele na mawimbi ya jirani huingia pamoja na matangazo.

Zama za analojia, mawimbi dhaifu yalileta picha yenye chenga. King'amuzi hurekebisha chenyewe makosa madogo, hivyo picha hubaki safi. Makosa yakizidi uwezo huo, picha hukatika ghafla.

Vifaa vya nje navyo vina ukomo wake. Mawimbi ya dishi hushuka katika waya kwa masafa ya megahezi 950 hadi 2150, ilhali vigawanyio vingi vya antena za kawaida hupitisha hadi megahezi 1000 hivi. Kigawanyio cha aina hiyo kikifungwa kwenye dishi, masafa ya juu hudhoofika, na king'amuzi kipya hakitayarejesha.

Kwa hiyo unashauriwa:

1. Kusoma masafa yaliyoandikwa juu ya kigawanyio kabla ya kukinunua.

2. Kuunganisha king'amuzi moja kwa moja na waya wa dishi au antena. Chaneli zikirejea, kasoro imo katika kigawanyio au waya uliouondoa.

3. Kutokimbilia kikuza mawimbi, kwani hukuza na kelele pia.

4. Kudai risiti na kuitunza. Iwapo tatizo litaendelea, wasilisha malalamiko kwa mtoa huduma wako kwanza. Usiporidhika na majibu yake, yafikishe kwa Mamlaka.