Valvu bandia za moyo: Namna mawimbi ya sauti yanavyobaini chembe ziendazo kwenye ubongo

Mkazi wa Tarime au Serengeti mkoani Mara anayerejea nyumbani baada ya kuwekewa valvu bandia ya moyo huweza kulima, kuchunga na kufanya biashara bila kuhema kama zamani. Nafuu hiyo, hata hivyo, isimfanye aache dawa. Kwa mwenye valvu ya kimakanika, ambayo wengi huiita ya chuma, dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, ni ya maisha yote.

Sababu ni kwamba damu inapogusa kitu kigeni huelekea kuganda. Bonge dogo likijitenga kwenye valvu husafiri na damu hadi kwenye ubongo, likaziba mshipa na kusababisha kiharusi.

Wataalamu wanaweza kubaini chembe hizo zikiwa njiani. Mwaka 1982, Rune Aaslid na wenzake walieleza njia ya kupima mtiririko wa damu ndani ya fuvu kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu. Kifaa huwekwa kwenye panja, mahali ambapo mfupa ni mwembamba. Chembe ikipita hurudisha mwangwi mkubwa kuliko damu inayoizunguka, na mashine hutoa mlio mfupi usiofikia theluthi moja ya sekunde. Kipimo hicho hakina maumivu wala mionzi.

Mlio pekee, hata hivyo, haumaanishi kuwa damu imeganda. Valvu ya kimakanika inapojifunga kwa kasi huzalisha viputo vidogo vya gesi, navyo hutoa mlio unaofanana na wa bonge. Tafiti za miaka ya 1990 zilionesha kuwa mgonjwa akivuta hewa ya oksijeni, milio hiyo hupungua sana. Dalili kwamba mingi ilitokana na viputo. Kwa hiyo, wingi wa milio hautumiki kupanga kiwango cha dawa.

Kinachotumika ni kipimo cha damu cha INR. Kwa kawaida, kiwango kinacholengwa ni kati ya 2 na 3 kwa valvu ya aota, na kati ya 2.5 na 3.5 kwa valvu ya mitrali. Kikishuka, damu huweza kuganda. Kikipanda mno, mgonjwa huweza kuvuja damu. Dawa nyingine, zikiwamo za mitishamba, huweza kukibadili, hivyo daktari aelezwe kabla ya kuzitumia. Mwanamke anayetarajia ujauzito amwone daktari mapema, kwa kuwa warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tarime. Umbali huo unafanya ufuatiliaji wa karibu kuwa muhimu: mgonjwa aulize, kabla ya kuruhusiwa, ni kituo gani cha jirani kitampima INR, na asisubiri dawa imwishie.

Mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutotamkika ghafla ni dalili za kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata dalili zikitoweka.

Kinga huanza utotoni. Maambukizi ya koo yasiyotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, inayoharibu valvu za moyo. Mzazi ampeleke mtoto mwenye maumivu ya koo na homa kwenye kituo cha afya mapema.