Hazina na Upungufu wa Kumbukumbu

Stephen Wiltshire, mchoraji mwenye usonji aliyezaliwa London mwaka 1974, baada ya kupandishwa helikopta na kuizunguka Tokyo kwa muda mfupi mwaka 2005, aliuchora mji ule kwa kichwa juu ya turubai ya mita 10, kana kwamba ungali mbele ya macho yake. Walakini kipaji cha namna hii ni nadra. Aghalabu mwenye usonji, ijapokuwa huhifadhi sawasawa tarehe, majina na tafsili za mambo ayapendayo, huenda akapata taabu kuzitambua nyuso, au kusimulia yaliyomfika jana pasipo kupewa dalili. Basi, mzazi na mwalimu, msimdhanie ukaidi: mkumbusheni kwa picha, na maswali yenu yawe bayana.